Kuchonga Zana za Mawe: Somo la Pembe na Mwalimu

Katika Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, zimefukuliwa zana za mawe zilizochongwa zaidi ya miaka milioni 1.8 iliyopita. Huko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2015 kuwa wamepata zana zenye umri wa miaka milioni 3.3. Mgeni anapoonyeshwa zana za namna hii katika jumba la makumbusho, mara nyingi huona mawe yaliyovunjika tu, na hudhani kwamba hata mtoto angeweza kutengeneza mfano wake.

Dhana hiyo huondoka upesi mtu anaposhika mawe mawili na kujaribu. Ndiyo sababu wataalamu wengi wa mambo ya kale hujifunza wenyewe kazi hii. Louis Leakey, aliyefanya utafiti Oldupai kwa miaka mingi, alijulikana kwa ustadi wake wa kuchonga zana za mawe mbele ya watu na kuzitumia kuchunia wanyama.

Jinsi jiwe linavyovunjika

Si kila jiwe linafaa. Jiwe bora lina chembe ndogo sana na halina ufa ndani yake: kwa mfano gumegume, basalti iliyo laini, au obsidiani, ambayo ni kioo cha asili kitokanacho na volkano na hupatikana karibu na Naivasha. Wachongaji huligonga jiwe polepole na kulisikiliza. Likilia kwa sauti kali ni zima. Likitoa mlio wa chungu kilichopasuka, huwekwa kando.

Mawe ya aina hii huvunjika kama kioo. Kokoto ikipiga dirisha kwa kasi, hutoboa tundu dogo upande mmoja na pana zaidi upande wa pili, kwa sababu kani ya pigo hutawanyika ndani ya kioo kwa umbo la pia. Pigo likiangukia karibu na ukingo wa jiwe, sehemu tu ya umbo hilo hujitokeza, na kipande chembamba chenye makali hubanduka. Kipande hicho tukiite kibanzi, na jiwe kilikotoka tuliite jiwe mama. Kibanzi huwa na kinundu kidogo chini ya mahali pa pigo, na jiwe mama hubaki na kovu lenye bonde linalolingana na kinundu hicho.

Maji na maporomoko nayo huweza kubandua kibanzi kimoja kimoja. Lakini makovu mengi yanayofuatana kwa mpango ukingoni mwa jiwe ni dalili ya kazi ya mkono.

Hatua za mwanzo

Mwanafunzi huanza kwa kuchagua jiwe la kugongea. Hili liwe gumu, la mviringo, na lienee vizuri kiganjani. Kisha hutazama jiwe mama ili kutafuta ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Jiwe la mviringo kama yai halina ukingo wa namna hiyo, na mtu huweza kulipiga mchana kutwa asipate kibanzi hata kimoja.

Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kupiga katikati ya jiwe kwa nguvu zake zote, kama mgonga kokoto. Mgonga kokoto anataka jiwe lisagike; mchongaji anataka libanduke. Hivyo pigo lake huangukia karibu nusu sentimita au sentimita moja tu kutoka ukingoni, na mkono huteremka kwa mshazari. Kibanzi hufuata mgongo ulioinuka juu ya uso wa jiwe. Kwa hiyo mchongaji huuchagua mgongo huo kabla ya kupiga. Kibanzi kikishatoka, jiwe hugeuzwa, na kovu lililobaki huwa uso mpya wa kugongea.

Kosa la pili ni pigo hafifu. Kibanzi hukatika katikati ya safari na kuacha kidato juu ya jiwe. Kibanzi kinachofuata hukwama papo hapo, na baada ya mapigo machache jiwe zima huwa halifai tena.

Kibanzi chenye makali huweza kupatikana siku ya kwanza. Lakini shoka la mkono kama yale ya Isimila, karibu na Iringa, au ya Olorgesailie nchini Kenya, huhitaji mazoezi ya muda mrefu. Pande zake mbili hulingana, na kila kibanzi hubanduliwa kwa kufikiria kile kitakachofuata.

Je, mtu hujifunza peke yake?

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watu wazima 184 waliofundishwa kubandua vibanzi. Wengine walipewa mifano ya vibanzi tu. Wengine walimtazama mchongaji. Wengine walielekezwa kwa ishara. Na wengine kwa maneno. Waliotazama tu hawakuwapita sana wale walioachwa na mifano peke yake. Waliofundishwa, hasa kwa maneno, ndio waliofanya vizuri zaidi. Pembe haionekani kwa urahisi kwa mtazamaji. Lazima mtu aionyeshe na kuitaja.

Ushahidi wa ufundishaji umeonekana pia ardhini. Huko Étiolles nchini Ufaransa, katika kambi ya wawindaji wa kale, watafiti waliunganisha tena vibanzi na mawe mama yake, kipande kwa kipande. Waligundua kwamba mafundi hodari walikaa karibu na moto, na wanagenzi, ambao kazi yao ilijaa makosa, walikaa mbali zaidi.

Tahadhari

Anayetaka kujaribu avae miwani ya kukinga macho, glavu na viatu, na afunike paja kwa ngozi nene. Afanye kazi hiyo nje penye upepo, kwani vumbi la gumegume huharibu mapafu. Huko Brandon, Uingereza, mafundi wengi waliochonga mawe ya bunduki za gumegume walikufa kwa maradhi hayo.

Tena, asichukue jiwe hata moja kutoka mahali pa kale. Nchini Tanzania mabaki hayo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mabaki ya mazoezi nayo yasiachwe ovyo. Yafukiwe pamoja na sarafu yenye mwaka wa kutolewa, ili mtafiti wa kesho asidanganyike. Zana ikiondolewa ilipolala, au kibanzi kipya kikichanganyika na cha kale, ushahidi uliotunzwa na ardhi kwa mamia ya maelfu ya miaka huharibika siku moja, wala hakuna fundi awezaye kuurudisha.