Irente na watoto: hesabu kurudi kwanza

Wadau, kuna mliouliza kama mtoto mdogo anaweza kutembea Lushoto mjini hadi Irente. Anaweza, ila kwenda tu ni kama kilomita 6. Mwanangu wa miaka mitano alienda anarukaruka, nikajiona mjanja. Kurudi nikambeba mgongoni, mvua ikatukuta, makoti hatuna. Alitetemeka mpaka mjini, mama yake hajanisamehe bado!

Siku hizi kwenda tunapanda gari, kurudi ndo tunatembea, maana akichoka kila hatua inamleta karibu na nyumbani. Njiani tunapumzika Irente Farm, tunakula mkate na jibini.

Pale kwenye mwamba usimwachie mkono hata akilia. Unakatika ghafla, chini kabisa ndo Mazinde. Picha baadaye bwana.