Lubumbashi: Gofu ya hisani, kiingilio peke yake hakitoshi

Kwa wakaaji wengi wa Lubumbashi, neno "Golf" si mchezo, ni mtaa. Ni Golf Plateau, ni Golf Météo, ni ile Route du Golf inayofika hoteli ya Grand Karavia, kando ya ziwa. Watu wanapita huko kila siku, na wengi wao hawajawahi kukanyaga majani ya kiwanja kilichoupa mtaa huo jina lake.

Hata hivyo, kiwanja cha gofu kina faida moja ambayo uwanja wa mpira wa miguu hauna. Kinakusanya wakubwa wa kampuni za migodi, wa benki, wa usafirishaji na wafanyabiashara wa mji mahali pamoja, kwa saa nne au tano, bila mikutano na bila haraka. Ndiyo maana mashirika ya kusaidia wagonjwa, mayatima na wanafunzi duniani kote yanatafuta pesa kupitia mchezo huu.

Desturi hiyo si ya jana. Mwaka 1937, mwimbaji wa Marekani Bing Crosby aliandaa huko California mashindano yaliyowachanganya wachezaji wa kulipwa na marafiki zake. Baadaye yakawa chanzo kikubwa cha misaada. Mwaka 2020, PGA Tour, shirika linaloendesha mashindano ya gofu ya kulipwa huko Marekani, lilitangaza kwamba jumla ya pesa zilizotolewa kwa kazi za hisani kupitia mashindano yake imepita dola bilioni 3.

Lakini waandaaji wapya wanakosea mara nyingi mahali pamoja: wanategemea kiingilio. Tuchukue mfano wa hesabu. Wachezaji 72, yaani vikundi 18 vya watu wanne, kila kikundi kikianzia kwenye shimo lake. Kila mtu akilipa dola 100, kasha linaingiza dola 7 200. Kisha kuna kukodi kiwanja, chakula, maji, kofia, zawadi na malipo ya vijana wanaobeba mifuko ya vijiti. Ikiwa kila mchezaji anagharimu dola 80, zinabaki dola 1 440 tu. Siku nzima ya kazi, miezi ya matayarisho, na pesa inayobaki hailipi hata darasa moja.

Pesa ya kweli inatoka pembeni. Njia ya kwanza ni kuuza mashimo: kampuni inalipa ili bango lake lisimame kwenye shimo moja siku nzima. Mashimo 18 kwa dola 300 kila moja ni dola 5 400, na gharama ni mabango tu.

Njia ya pili ni kuuza "mulligan", yaani ruhusa ya kurudia pigo baya. Mchezaji akipeleka mpira wake majini, kurudia kwa dola 10 hakumuumi, na watu wanacheka. Wachezaji wote 72 wakinunua mbili mbili kabla ya kuanza, ni dola 1 440: sawa kabisa na kile kilichobaki kwenye kiingilio, bila mwandaaji kutoa hata franka moja.

Njia ya tatu ni ahadi. Mtu asiyecheza anaahidi kutoa kiasi fulani kwa kila "birdie", yaani kila shimo ambalo mchezaji anamaliza kwa pigo moja pungufu ya kiwango. Hapo hata mama muuzaji wa soko la Kenya au mwalimu wa Katuba anaweza kushiriki kwa franka zake kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, bila kuvaa viatu vya gofu.

Njia ya nne inavutia macho zaidi: gari linawekwa pembeni ya shimo fupi, na anayeingiza mpira kwa pigo moja analichukua. Kwa mchezaji wa kawaida, makadirio yanayotumiwa sana ni nafasi moja kati ya 12 500. Kwa wachezaji 72, ni kama nafasi moja kati ya 174. Ni ndogo, lakini ipo. Kwa hiyo bima lazima iwe imesainiwa kabla ya mchezo. Sheria ya mwaka 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, na leo mwandaaji anaweza kuuliza bei kwa kampuni zaidi ya moja. Akikosa mkataba, ni heri aondoe gari na kuweka zawadi ndogo.

Kuna pia tombola na mnada wa jioni. Kwa tombola, ni vema kuuliza kwanza viongozi wa mji kuhusu ruhusa. Kwa mnada, mwandaaji mwenye akili anaomba vitu vyote bure: usiku mbili hotelini, tiketi ya ndege, mchoro wa msanii wa hapa.

Tarehe nayo ina uzito. Kati ya Mei na Septemba hakuna mvua Lubumbashi. Kuanzia Novemba, wingu moja la mchana linaweza kufuta siku nzima, na pamoja nayo mauzo yote ya pembeni.

Linabaki suala la imani. Haut-Katanga ni jimbo la shaba na kobalti. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, Kanuni ya Madini inazilazimisha kampuni za migodi kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Hiyo ni deni la sheria. Hundi inayotolewa kwenye kiwanja cha gofu ni zawadi, na haipaswi kuhesabiwa mahali pa deni hilo. Shirika linalopokea linapaswa kuandika wazi ni pesa gani.

Hesabu nayo itangazwe: kiasi kilichoingia, kilichotumika, kilichofika. Dola na franka ziandikwe kwenye safu tofauti, kila malipo na risiti yake, na noti zikaguliwe mezani, kwani dola yenye kupasuka kidogo itakataliwa kesho.

Katika hospitali nyingi za nchi, mgonjwa aliyekwisha kupona anaweza kubakizwa wiki kadhaa kwa sababu jamaa wameshindwa kulipa fakitira. Kwa mtu huyo, mulligan chache zilizouzwa vizuri ni tofauti kati ya kurudi nyumbani Jumatatu na kubaki kitandani mwezi mwingine. Ndiyo sababu orodha ya matumizi inahitaji kusomwa kwa makini kama orodha ya washindi.