Lugha na Sauti katika Uimbaji wa Opera: Mfano wa Tenori Mfaransa Georges Thill

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya Georges Thill, tenori Mfaransa aliyepata umaarufu kati ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Hoja kuu ni kwamba nafasi yake katika historia ya opera haikutokana na nguvu ya sauti pekee, bali na namna alivyopatanisha mbinu ya uimbaji aliyojifunza Italia na matamshi ya Kifaransa. Aidha, makala yanaonesha kwamba upatanisho huo ulitegemea mazingira ya taasisi ambayo baadaye yalibadilika, na kwamba santuri za miaka ya 1930 ndizo zilizohifadhi ushahidi wake.

1.0 Utangulizi

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au sehemu kubwa, huimbwa kwa kusindikizwa na okestra. Tenori ni sauti ya juu ya kawaida ya mwanamume, na katika opera nyingi za karne ya 19 ndiye hupewa nafasi ya kijana mpenzi au shujaa. Kwa kuwa katika kipindi kinachojadiliwa waimbaji hawakutumia vipaza sauti jukwaani, tenori alilazimika kusikika mbele ya okestra ya makumi ya wapigaji, katika ukumbi wenye watu zaidi ya elfu moja, kwa nguvu ya pumzi na mwili wake.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la msingi. Sauti kubwa ya juu huhitaji koo lililo wazi na irabu zilizo pana, ilhali maneno huhitaji ulimi, midomo na konsonanti zilizo bayana. Mwimbaji akielemea upande wa sauti, hadhira husikia muziki bila kuelewa kisa. Akielemea upande wa maneno, sauti hubanwa na kuchoka mapema. Kila nchi yenye utamaduni wa opera ililikabili tatizo hili kwa namna yake, na lugha ya nchi husika ilichangia sana kuamua namna hiyo. Kazi ya Georges Thill ni mfano mwafaka wa kulieleza jambo hili kwa sababu alifunzwa katika mapokeo mawili tofauti na akaimba katika lugha zote mbili.

2.0 Mafunzo: Kutoka Paris hadi Naples

Thill alizaliwa Paris mwaka 1897. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alijiunga na Konsavatori ya Paris, chuo cha taifa cha muziki ambacho kwa zaidi ya karne moja kilikuwa kimewaandaa waimbaji wa majumba mawili makuu ya mji huo, yaani Opéra na Opéra-Comique. Hakuridhika na mafunzo aliyoyapata huko. Alifunga safari kwenda Naples, kusini mwa Italia, akawa mwanafunzi wa Fernando De Lucia kwa takribani miaka miwili.

Uchaguzi wa mwalimu huyu una maana. De Lucia, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa miongoni mwa tenori mashuhuri wa Italia mwishoni mwa karne ya 19. Ndiye aliyeimba kwa mara ya kwanza nafasi ya Fritz katika opera ya Mascagni iitwayo *L'amico Fritz* mwaka 1891. Uimbaji wake ulikuwa wa kizazi kilichothamini wepesi wa sauti, uwezo wa kuikuza na kuififisha noti moja bila kukatika, na pumzi inayotolewa kwa kipimo. De Lucia alifariki mwaka 1925, na kwa hiyo Thill alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho.

Alichokipata Naples, kwa hiyo, ni msingi wa kutegemeza sauti juu ya pumzi badala ya kuisukuma kwa koo. Hata hivyo, msingi huo ulijengwa juu ya irabu za Kiitaliano, na kazi iliyomsubiri nyumbani ilikuwa ya Kifaransa.

3.0 Ugumu wa Kifaransa katika Uimbaji

Kwa msomaji wa Kiswahili, tofauti baina ya lugha hizo mbili inaweza kuelezwa kwa urahisi. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kiitaliano kinakaribiana nacho kwa jambo hili: irabu zake ni chache na angavu, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Lugha ya namna hii humpa mwimbaji mahali pa kutua sauti karibu katika kila silabi.

Kifaransa hakina wepesi huo. Kwanza, kina irabu za nazali, ambazo hutamkwa kwa kuruhusu hewa ipite puani na kinywani kwa pamoja. Mwimbaji asiye mwangalifu huiacha sauti yote ikimbilie puani na kupoteza mng'ao wake. Pili, kina irabu zinazotamkwa kwa kuviringa midomo huku ulimi ukiwa mbele, na midomo hiyo huelekea kuziba njia ya sauti katika noti za juu. Tatu, kuna irabu hafifu ya mwisho wa neno ambayo katika mazungumzo mara nyingi hudondoshwa, lakini katika uimbaji hupewa noti yake. Ikitamkwa kwa nguvu, neno huharibika. Isipotamkwa, wimbo hubaki na pengo. Nne, mkazo wa Kifaransa huangukia mwisho wa kirai, hivyo mwimbaji hulazimika kuibeba sentensi nzima hadi mwisho bila kuikatakata kwa mikazo ya neno moja moja.

Mafanikio ya Thill yanaonekana katika kila moja ya mambo hayo manne. Katika santuri zake irabu za nazali hubaki za nazali bila sauti kufifia, irabu hafifu husikika kama mnong'ono uliopimwa, na kirai husogea kwa mfululizo mmoja hadi kikomo chake. Mbinu ya Naples ilimpa pumzi ya kuyafanya hayo katika noti za juu, nayo lugha ya Paris ikamzuia asitumie pumzi hiyo kwa majivuno.

4.0 Jukwaani: 1924 hadi 1932

Thill alipanda jukwaa la Opéra ya Paris kwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1924, akiwa Nicias katika *Thaïs* ya Massenet. Nafasi hiyo si ya shujaa mkuu, lakini ilimfungulia njia. Jumba hilo, chini ya mkurugenzi Jacques Rouché, lilikuwa na waimbaji wa kudumu na orodha ndefu ya opera zilizorudiwa kila msimu, na hivyo mwimbaji kijana aliweza kujifunza nafasi nyingi kwa kuziimba.

Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kuimba opera za kigeni kwa lugha ya hadhira. Opera za Wagner, zilizosimamishwa katika Opéra wakati wa vita na kurejeshwa mwaka 1921, ziliimbwa kwa Kifaransa. Ndivyo ilivyokuwa kwa opera za Kiitaliano pia. Mwaka 1928 *Turandot* ya Puccini ilipooneshwa Opéra kwa mara ya kwanza, miaka miwili tu baada ya kuzinduliwa Milan, Thill aliimba nafasi ya Calaf kwa Kifaransa. Mwaka uliofuata aliimba nafasi hiyohiyo La Scala, Milan, kwa Kiitaliano. Ni waimbaji wachache waliopimwa kwa mizani mbili za namna hiyo katika muda mfupi kiasi hicho.

Mwaka 1928 aliimba pia Covent Garden, London, na mwaka 1929 akafika Teatro Colón, Buenos Aires. Mwezi Machi 1931 alianza kuimba katika Metropolitan Opera ya New York, akiwa Roméo katika *Roméo et Juliette* ya Gounod. Alikaa huko kwa misimu miwili tu. Uwanja wake wa kudumu ulibaki Ufaransa, na jambo hili linaafikiana na hoja ya makala haya: thamani yake kubwa ilionekana mbele ya hadhira iliyoelewa kila neno.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni upana wa nafasi alizoimba. Kwa desturi ya Kifaransa tenori waligawanywa katika makundi kulingana na uzito wa sauti. Thill alivuka mipaka hiyo. Aliimba Roméo, Faust na Werther, ambao huhitaji ulaini, na pia Samson, Lohengrin na Parsifal, ambao huhitaji uzito.

5.0 Santuri kama Ushahidi

Kufikia mwaka 1925 teknolojia ya kurekodi ilikuwa imebadilika. Awali mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa iliyopokea mtikisiko wa sauti moja kwa moja. Kuanzia mwaka huo kampuni kubwa zilianza kutumia maikrofoni na umeme, na kwa mara ya kwanza konsonanti laini, pumzi na vivuli vya irabu vikanaswa kwa uaminifu wa kuridhisha. Thill alianza kurekodi kwa kampuni ya Columbia katika kipindi hichohicho. Sauti iliyotegemea ubora wa neno ilikutana na chombo kilichoweza kulihifadhi neno.

Rekodi mbili zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni *Werther* kamili ya Massenet, iliyorekodiwa mwaka 1931 pamoja na soprano Ninon Vallin, chini ya uongozi wa Élie Cohen na kikundi cha Opéra-Comique. Upande mmoja wa santuri ulibeba takribani dakika nne, hivyo opera ya saa mbili ilihitaji pande zipatazo 30. Ya pili ni *Louise* ya Gustave Charpentier, iliyorekodiwa kwa ufupisho mwaka 1935, tena pamoja na Vallin, chini ya Eugène Bigot. Charpentier, aliyekuwa angali hai, alishiriki katika kuuandaa ufupisho huo. Mwaka 1939 Thill alionekana pia katika filamu ya *Louise* iliyoongozwa na Abel Gance, akiigiza na soprano Mmarekani Grace Moore.

Hata hivyo, ushahidi wa santuri una mipaka. Maikrofoni haioneshi namna sauti ilivyojaa ukumbini, na mwimbaji aliyerekodi kwa vipande vya dakika nne alipata mapumziko ambayo jukwaa halitoi. Kwa hiyo santuri zinathibitisha vizuri matamshi na ufundi wa kirai, lakini kuhusu ustahimilivu, ushahidi bora zaidi ni orodha ya nafasi alizoimba na majumba yaliyomwalika.

6.0 Kubadilika kwa Mazingira

Thill aliendelea kuimba baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kustaafu opera mwaka 1953. Alifariki mwaka 1984. Katika miongo iliyofuata kustaafu kwake, majumba makubwa yalizidi kuimba kila opera kwa lugha yake ya asili na kuwaalika waimbaji kutoka nchi mbalimbali kwa maonesho machache. Mwaka 1972 kikundi cha kudumu cha Opéra-Comique kilivunjwa. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida: hadhira ilipata kusikia muziki pamoja na lugha ambayo mtunzi aliutungia. Kwa upande mwingine, mahali ambapo Mfaransa aliimba kwa Kifaransa usiku baada ya usiku, mbele ya Wafaransa ambao wangetambua mara moja neno lililoharibiwa, palipungua. Ustadi uliokuwa ukirithishwa kazini ulianza kutafutwa katika santuri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uimbaji wa Georges Thill ulikuwa zao la mambo matatu yaliyokutana kwa wakati mmoja: mbinu ya pumzi kutoka Naples, matamshi yaliyolelewa na majumba ya Paris, na teknolojia iliyoweza kuyanasa yote mawili. Hakuna moja kati ya hayo ambalo peke yake lingetosha. Funzo linalojitokeza ni kwamba lugha si mzigo ambao sauti hulazimika kuubeba, bali ndiyo inayoipa sauti umbo. Mbinu ya kigeni inaweza kumfaa mwimbaji bila kumpokonya lugha yake, iwapo atarudi nayo nyumbani na kuipima kwa masikio ya watu wanaoyaelewa maneno.