Gesi ya Frigo Haiishi

Gesi ya frigo haiishi. Naanza na hilo kwa sababu katika nyumba za Kadutu, hapa Bukavu, kuanzia Nyamugo hadi Cimpunda, frigo ikishindwa kugandisha maji neno la kwanza kutamkwa ni lilelile: "Fundi, gesi imekwisha, uniongezee kidogo tu." Fundi anakuja na chupa yake, anatia gesi, analipwa, anakwenda zake. Miezi michache inapita, baridi inapotea tena, naye anaitwa tena. Watu wamekwisha kulizoea jambo hilo kiasi cha kuliweka kwenye bajeti ya mwaka pamoja na minervali ya shule ya watoto.

Tuangalie basi kilichomo ndani. Frigo ni bomba refu lililofungwa kila upande, na gesi inazunguka humo ikisukumwa na mota. Kazi yake ni ubebaji, kama ya akina mama wanaopandisha mizigo mgongoni kutoka sokoni: inachukua joto ndani ya sanduku, inalipeleka nyuma, inalitua, inarudi tupu kuchukua jingine. Haiungui wala hailiwi. Frigo iliyotoka kiwandani na gramu 120 za gesi inapaswa kuwa na gramu zizo hizo baada ya miaka 15. Zikipungua, kuna tundu mahali, na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kutupa pesa. Lakini tundu si jambo la kila siku. Mara nyingi gesi iko yote na mota ni nzima, ila joto halina pa kutua.

Vuta frigo mbele uangalie nyuma. Kama ni ya aina ya zamani utaona wavu mweusi wa vibomba vyembamba, umepanda kutoka kwenye mota hadi juu. Hapo ndipo joto linapotuliwa. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo, mwishoni mwa kiangazi, wavu huo hauonekani vizuri. Vumbi jekundu limeshikana na mafuta ya kukaangia na moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, hadi likawa utando mnene. Ukiugusa unabanduka vipande, na ndani yake utakuta nywele, nyuzi za nguo na bawa la mende. Hewa haiupiti. Joto linabaki kwenye bomba, gesi inarudi ndani ikiwa bado moto, na thermostati, isiyojua lolote kuhusu vumbi, inaendelea kuiamuru mota ifanye kazi. Mota iliyokuwa ikipumzika nusu ya muda sasa haipumziki kabisa. Mafuta yake ya ndani yanaharibika kwa joto, na siku moja inazimika. Hapo unaambiwa ununue mota mpya, na bei yake haiko mbali na ya frigo nyingine ya okazyo.

Kinga yake ni brashi laini na robo saa. Chomoa frigo kwenye umeme, sugua wavu kutoka juu kwenda chini, ufagie na mota yenyewe, usitie maji. Fanya hivyo kiangazi kinapoanza, mwezi wa Juni, na tena mvua zinaporudi Septemba. Mwenye kupikia chumba kilekile afanye kila mwezi. Kisha usiirudishe frigo ikagusa ukuta: iachie upana wa kiganja nyuma. Najua vyumba vyetu vilivyo, najua sentimita 10 ni nyingi pale kiti, kitanda na meza vinapogombania nafasi. Lakini hizo ndizo sentimita zinazolipa. Frigo mpya nyingi hazina wavu wa nje, vibomba vyake vimefichwa kwenye mbavu, ndiyo maana mbavu zake huwa na joto ukizigusa. Si ugonjwa. Kile kitambaa kizuri cha kufuma kibaki juu, kisishuke pembeni.

Hapa kuna jambo ambalo wenye frigo wa Bukavu hawajifaidishi nalo. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo inabeba joto pungufu kidogo. Lakini ubaridi wake unafidia zaidi ya hapo. Frigo ileile ambayo ingetoka jasho Uvira au Kindu, Bukavu ingepaswa kuishi kwa raha. Ikiwa mota yake hainyamazi hata usiku wa manane, wakati watu wamejifunika blanketi mbili, hali ya hewa haina hatia. Ama frigo imenyimwa nafasi, ama mlango wake haufungi.

Mlango unapimwa kwa noti ya franka 500. Ifungie kwenye ukingo, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kukaidi, raba haishiki, na hewa yenye unyevu inaingia saa zote. Zungusha jaribio hilo pande zote nne, kwa maana raba huanza kuchoka upande wa bawaba. Mara nyingi haijachoka, imechafuka tu: ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uifute mikunjo yake kwa kitambaa. Pale ilipobonyea, ikande kwa kitambaa cha maji ya moto hadi irudi. Angalia pia miguu ya frigo. Kwenye mteremko sakafu nyingi si sawa. Frigo iliyoinamia mbele inaacha mlango wazi kidogo bila mtu kujua. Inua miguu ya mbele kidogo, mlango utajifunga wenyewe.

Unyevu ulioingia unageuka barafu, na barafu ni blanketi lililowekwa mahali pasipotakiwa. Ikifika unene wa nusu sentimita, zima, ondoa vitu, weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga, subiri. Subira hiyo ndiyo inayokosekana. Mtu ana haraka ya kurudisha jusi za marakuja za kuuza, anachukua kisu. Ukuta wa friza ni alumini nyembamba, na bomba la gesi liko palepale chini ya barafu. Mlio mdogo wa "fsss", na hapo ndipo gesi inapokwisha kweli.

Sasa umeme. Wetu unatoka mtoni Ruzizi, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji kuelekea Tanganyika: kituo cha Ruzizi I cha mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II kilichoanza mwaka 1989, ambacho Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Mji umeongezeka mara nyingi tangu hapo. Matokeo yake ni delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, na delestaji yenyewe si adui mkubwa wa frigo. Adui ni dakika ya kwanza umeme unaporudi. Mota ikizimika ghafla, upande mmoja wa bomba unabaki na shinikizo kubwa na upande mwingine dogo. Inahitaji kama dakika 5 pande hizo zilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, ukakatika, ukarudi tena, mota inajaribu kuanza huku imekabwa. Inavuma, inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kisha unasikia "klik" ya kifaa kidogo kinachoikatia umeme isiungue. Klik, vuma, klik. Kila mojawapo inakula maisha yake.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa frigo. Acha taa moja imewashwa ikujulishe umeme umerudi, subiri dakika 5 hadi 10, ndipo uchomeke. Kama una uwezo, nunua regilateri yenye kuchelewesha yenyewe, lakini si ile ndogo ya televisheni: frigo ikianza inavuta sana, kwa hiyo chukua ya VA 1,000 au zaidi.

Umeme hafifu unaua polepole zaidi. Watengenezaji wengi wanaruhusu tofauti ya 10% tu, yaani volti 198 hadi 242. Nyumba inayochukua umeme kwa jirani kwa waya mrefu na mwembamba inapoteza volti njiani. Ongeza saa moja jioni, kila familia imewasha resho yake ya umeme, na kwenye soketi hakubaki hata volti 170. Balbu inawaka manjano. Ukiona rangi hiyo, chomoa frigo, iache ikae na baridi yake. Hakitaharibika kitu: friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi karibu siku mbili, iliyojaa nusu karibu siku moja. Ndiyo maana namwambia kila mama anayeuza maji baridi ajaze nafasi tupu kwa chupa za maji. Usiku wa manane umeme ukiwa na nguvu frigo inazigandisha, na mchana wa delestaji zinawalinda samaki wako wa sambaza.

Frigo ni mashine moja ya nyumbani. Ya pili, ile ya moto, haina waya: ni mbabula. Watu wanacheka nikisema mbabula inahitaji matengenezo, ilhali inakula pesa kila siku ya Mungu. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yanachelewa kuiva na makala yanaliwa zaidi. Makala hayo yanashuka kutoka Kabare na Kalehe, mengine yakitoka msitu wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu 1970, ambamo kuchoma makala ni marufuku.

Mbabula bora, ile yenye udongo wa kuchomwa ndani ya bati, ni ndugu wa jiko lililoenea kutoka Kenya miaka ya 1980. Faida yake yote iko kwenye udongo ule kuzuia joto lisitokee ubavuni. Udongo ukipasuka na kipande kikadondoka, umebaki na mbabula ya bati kwa bei ya mbabula bora. Ufa mdogo unazibwa jioni moja kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, ukaachwa ukauke kivulini siku mbili tatu kabla ya kuwashwa. Usiumwagie maji udongo ukiwa wa moto, hilo ndilo linaloupasua. Toa majivu kila asubuhi, zibua matundu ya sahani ya katikati kwa msumari, na mlango wa hewa uweze kufunguka na kufungwa: wazi wakati wa kuwasha, nusu chungu kikishachemka.

Matundu yaliyoziba yana hatari nyingine. Makala yanayokosa hewa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, hewa isiyo na harufu, rangi wala moshi. Inashikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, makala na mafuta ya taa, ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hivyo ni vya moshi wa miaka mingi. Hii ninayoitaja haingoji miaka. Usiku wa mvua mzazi anaingiza mbabula chumbani ili mtoto mchanga apate joto, anafunga dirisha, anaona makala yamefunikwa na majivu, anadhani yamekufa. Nyumba nzima ikiumwa kichwa pamoja, na kizunguzungu na kichefuchefu, si malaria iliyowapiga wote saa ileile: tokeni nje, kisha hospitali. Mbabula safi au chafu, mpya au ya zamani, chumba cha kulala si mahali pake.

Kuna siku fundi atahitajika kweli. Akisema gesi imepungua, mwulize tundu liko wapi. Asipoweza kulionyesha, bado hajaanza kazi. Akilipata, alizibe, avute hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujaza, na ajaze kwa mizani, si kwa kukisia baridi kwa kiganja. Soma nawe kibandiko kilicho karibu na mota. Frigo nyingi za okazyo zina R134a. Nyingi zinazotoka Ulaya sasa zina R600a, ambayo huwa na alama ya njano yenye mwali wa moto. Hiyo inawaka. Mtu asiwashe moto wa kulehemu kabla gesi haijatoka na dirisha halijafunguliwa, na mbabula iwe imetolewa nje. Wala R134a isitiwe kwenye mota ya R600a kwa sababu tu ndiyo iliyomo kwenye chupa ya fundi. Gesi hiyo ya R134a ikiachiliwa hewani, kilo moja hupasha joto dunia sawa na zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, ng'ambo ya Ruzizi, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za namna hiyo.

Mwishowe mpe fundi kalamu na kipande cha plasta. Aandike aina ya gesi, gramu alizotia na tarehe, akibandike nyuma ya frigo, juu ya mota. Akirudi miezi mitatu baadaye kukwambia gesi imekwisha, kibandiko kiko hapo, na yeye ndiye aliyekiandika.