Wimbo Umeingia Katika Simu: Mtunzi Apata Nini?

Nataka kuwaeleza habari ya wimbo mmoja wa kwaya uliotoka kijijini kwetu Katavi, ukaenda mbali kuliko watu waliouimba, na wenyewe wakabaki nyumbani wakidaiwa nauli.

Kwaya yenyewe ni ya kigango kimoja cha parokia yetu, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Mpanda mjini. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe hawakupenda. Mwaka 2019 waliazimia kurekodi nyimbo zao nane. Walilima pamoja shamba la mpunga, wakauza magunia, na fedha zilipopungua kila mwanakwaya akatoa mchango wake, hata mama mmoja mjane akaleta kuku. Wakaenda studio, wakarekodi sauti. Kisha kijana mwenye kamera akawapiga picha za video kando ya mto, kina mama wakiwa na vitenge vipya na watoto wakifukuzwa wasipite mbele. Wakatengeneza CD 300, nasi tukaziuza mlangoni mwa kanisa kwa Sh. 3,000/- kila moja.

Katika miezi mitatu ziliuzwa 61. Zilizobaki ziko ndani ya kabati ofisini kwangu mpaka leo, chini ya vitabu vya ubatizo.

Si kwamba nyimbo zilikuwa mbaya. La! Zilipigwa kila mahali: kwenye bodaboda, kwenye mashine ya kukoboa, hata msibani. Lakini watu walikuwa nazo tayari katika simu. Kijana mmoja mwenye kibanda sokoni alinunua CD moja, akaitia katika kompyuta yake, na kwa Sh. 1,000/- alimjazia mtu memori kadi nyimbo mia, za kwaya yetu zikiwa katikati ya nyimbo za Kisukuma na bongo fleva. Nilikwenda kumkemea. Akanitazama akacheka, akasema: “Mwalimu, si hata wewe nilikujazia kadi mwaka jana?” Ilikuwa kweli, nami nikarudi nyumbani kimya.

Basi, yafaa tujiulize jambo hili limeanzaje, maana wazee wetu hawakuwa nalo. Siku za bendi za zamani, kama Tabora Jazz na Western Jazz, nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu walizisikia bure katika redio. Aliyetaka sahani ya santuri aliinunua dukani, na sahani hizo nyingi zilichapwa Nairobi. Mwanamuziki alipata chakula chake hasa kwa kupiga dansi ukumbini, watu wakilipa mlangoni. Baadaye zikaja kanda. Kanda nayo iliweza kunakiliwa, lakini nakala ilikuwa na mvumo, na nakala ya nakala ilivuma zaidi, hata ya nne ukasikia kama mvua juu ya bati. Mtu aliyependa sauti safi alilazimika kununua ile ya kwanza. Uchakavu wa kanda ulikuwa mlinzi wa mwimbaji, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Kompyuta ilimwondoa mlinzi huyo. Yenyewe huigeuza sauti kuwa tarakimu, na tarakimu hazichakai. Nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza. Kisha wataalamu wa Ujerumani wakabuni namna ya kuipunguza sauti hiyo ichukue nafasi ndogo sana, namna iliyopewa jina la MP3 mwaka 1995. Mwaka 1999 huko Marekani kukatokea programu iitwayo Napster, vijana wakapeana nyimbo kwa intaneti bila kulipa hata senti. Tangu mwaka ule mapato ya makampuni makubwa ya muziki duniani yalishuka mpaka mwaka 2014 hivi. Kwa hiyo yule kijana wa sokoni asidhani amevumbua jambo geni. Amefanya kwa mkono yale Napster iliyofanya kwa waya.

Wazungu walipata dawa, walau nusu ya dawa. Badala ya kuuza wimbo, sasa wanauza ruhusa ya kuusikiliza. Mtu hulipa kila mwezi, au husikiliza bure na kuvumilia matangazo ya biashara, na mwenye wimbo hupewa sehemu yake kwa kila unaposikilizwa. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, ilikuwa imetangulia, maana iliwekwa tayari ndani ya simu za Tecno. Katika mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani kote, na karibu asilimia 69 ya fedha hizo zilitoka katika njia hii ya kusikiliza kwa intaneti.

Lakini ngojeni niwaonyeshe upande wa pili wa hesabu hiyo. Afrika yote iliyo kusini ya Sahara ilipata katika mwaka huo dola milioni 110 tu, na ilikuwa mara ya kwanza kuvuka milioni 100. Ukigawa, haifiki hata nusu ya asilimia moja ya mapato ya dunia. Tena karibu robo tatu yake ni ya Afrika ya Kusini peke yake. Kinachobaki wanagawana Nigeria, Kenya, sisi na wengine wote.

Wako Watanzania waliofanikiwa, wala siwezi kuwanyima haki yao. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, alifikisha mwaka 2020 watazamaji bilioni moja katika YouTube, na habari zilisema hakuna mwanamuziki wa kusini ya Sahara aliyemtangulia. Vijana wetu wakisikia hivyo hudhani kwamba kila anayeweka video atatajirika. Desturi ya YouTube kwa video ndefu ni hii: mwenye ukurasa hapewi sehemu ya fedha za matangazo mpaka apate wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12. Akishapita kizingiti hicho hupewa asilimia 55 ya fedha za matangazo ya video zake ndefu. Hata hapo, tangazo linaloonwa na mtu wa Mpanda hulipiwa kidogo kuliko linaloonwa na mtu wa London.

Sasa nirudi kwa kwaya yetu. Mwaka 2021 kijana wetu mmoja anayesoma Mbeya alipiga simu akasema video yetu ameiona katika YouTube, na imetazamwa mara zaidi ya 90,000. Tulifurahi sana. Mwenyekiti wa kwaya akauliza, “Nani aliiweka?” Hapo furaha ikapungua, kwa kuwa hakuna aliyejua. Aliyeiweka alikuwa mtu wa mbali, mwenye ukurasa wa nyimbo za dini za kila kwaya, na matangazo ya biashara yalipita mbele ya sura za mama zetu. Jina la kigango halikuandikwa.

Wengine walisema tumwache, maana anaeneza Injili. Jambo hili lilitugawa kabisa katika mkutano, na mpaka leo wapo wanaoona kwamba wimbo wa kumsifu Mungu haufai kugombewa fedha. Mimi nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Fedha za matangazo zilikuwa zinakwenda kwa mtu. Swali lilikuwa ni mtu gani, yule aliyelima mpunga au yule aliyebonyeza kitufe.

Sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ulinzi huo huanza pale anapoitunga kazi. Kuandikisha huko COSOTA hakumfanyi awe mtunzi, bali humpa ushahidi. Tena mahakama zimekwisha kusikiliza mashauri ya namna hii. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kuzitumia nyimbo zao mbili kuwa miito ya simu bila idhini. Kampuni ilikata rufani, na shauri likaendelea kwa muda mrefu. (Huyo MwanaFA, jina lake Hamisi Mwinjuma, baadaye akawa Mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo.)

Tukaandika malalamiko kwa YouTube. Waliuliza: mmiliki ni nani? Hapo ndipo tulipokwama. Wimbo ule uliopendwa zaidi ulitungwa na katekista wetu mzee, lakini karatasi ya solfa haikuwa na jina wala tarehe, ila doa la mafuta ya taa. Nilipekua daftari la mikutano ya kwaya usiku mzima, na mwishowe nikaona mstari mmoja wa mwaka 2014: kwamba katekista ameleta wimbo mpya wa matoleo, utafundishwa Jumamosi. Mstari huo ndio uliotusaidia. Baada ya wiki kadhaa video ikaondolewa, na kwaya ikafungua ukurasa wake yenyewe.

Ukurasa una wafuasi 412. Bado hatujapata hata shilingi. Kupakia video moja inatubidi kupanda bando na kwenda mjini, maana kijijini mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena jioni.

Katekista mwenyewe alishangaa kuona tunahangaika hivyo. Nilimwonyesha katika simu mahali paitwapo Swahili Music Notes, ambapo watunzi wa nyimbo za Kikatoliki huweka nota zao, jina la kila mtunzi likiwa juu, na walimu wa kwaya huzichukua bure. Fedha hakuna pale. Lakini alitazama yale majina kwa muda mrefu, akaniuliza kama lake nalo laweza kuandikwa. Siku ya pili alikuja ofisini na karatasi zake 23 ndani ya mfuko wa sukari, akakaa mbele ya meza yangu, nasi tukaanza na ya kwanza: jina la wimbo, jina la mtunzi, mwaka. Miaka mingine aliikumbuka kwa mavuno, mingine kwa watoto wake waliozaliwa, na mmoja kwa mafuriko. Tumefika wimbo wa kumi na nne.