Fedha ya kahawa ikiingia, Mungu anabaki nafasi ya ngapi?

Mapera na vijiji vingine vya milimani wilayani Mbinga huchuma kahawa kuanzia katikati ya mwaka. Fedha yake haiji kila mwezi kama mshahara. Mkulima huisubiri muda mrefu, kisha huipata kwa mkupuo. Hapo ndipo upendo wetu kwa Mungu hupimwa.

Wakati wa palizi, mfuko ukiwa mtupu, ni rahisi kusali. Malipo yakitoka, baba aliyekuwa hakosi ibada huanza kuonekana kilabuni, na wengine husahau hata njia ya nyumbani. Mama naye huweza kushindana na jirani kwa vitenge na makochi, huku mtoto akienda shule bila daftari.

Ndugu mzazi, raha yenyewe si dhambi. Nyama ya sikukuu, redio au pikipiki ni baraka za jasho lako. Kosa ni kuzipa nafasi ya kwanza, Mungu akaachiwa makombo.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaagiza tumpende Mungu kwa moyo wote, roho yote na nguvu zote. Katika Mathayo 22, Yesu anaiita hiyo amri iliyo kuu. Wengi tunaishia hapo. Lakini sura hiyo ya 6 inaendelea kuwataka wazazi wawafundishe watoto maneno hayo wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wanapolala na wanapoamka. Kazi hiyo basi si ya padri, mchungaji au katekista peke yake.

Wamatengo wanalijua jambo hili. Zamani ukoo ulikutana kwenye sengu, wakala pamoja, na wazee wakawafunda vijana. Jimbo Katoliki la Mbinga lilianzishwa mwaka 1986. Waliobatizwa mwaka huo leo ni wazazi. Kama sengu imepungua, meza ya nyumbani ichukue nafasi yake.

Tufanye nini? Kabla fedha haijatumika, baba na mama waketi pamoja na watoto, wamshukuru Mungu. Kisha wapange kwa utaratibu huu: sadaka, mahitaji ya shule, chakula cha kufikia msimu mwingine, mbolea ya shamba, na msaada kwa mjane au yatima wa jirani. Starehe ifuate, kwa kiasi kilichobaki. Na sala ya jioni isikatishwe kwa sababu kuna mpira au kinywaji.

Shamba la ngoro lina mashimo yanayozuia maji ya mvua yasiporomoke na udongo. Moyo usiokuwa na Mungu ni kama mteremko usiolimwa ngoro: mvua ikinyesha, kila kitu huenda na maji. Familia nyingi zimevuna vizuri na zikabaki maskini kwa njia hiyo.

Watoto wanatuona. Siku fedha inapoingia, ndipo wanapojua tunampenda nani.