Barbara Jordan na Mpaka wa Jimbo

Ukimtaja Barbara Jordan, mbunge Mweusi wa Texas, watu hukurukia na hotuba yake ya Julai 25, 1974, Kamati ya Sheria ya Bunge la Marekani ilipokuwa ikijadili kumfungulia Rais Nixon mashtaka ya kumwondoa madarakani. Wana haki, sauti ile haisahauliki. Mimi kinachonisumbua ni mpaka wa jimbo la uchaguzi.

Binti huyu wa mchungaji wa Kibaptisti alitoka Fifth Ward, mtaa wa Weusi mjini Houston. Akasomea sheria Boston, akarudi nyumbani, na kwa kukosa ofisi akawa anapokea wateja kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Mwaka 1962 akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akaanguka. Mwaka 1964 akarudi, akaanguka tena. Kaunti nzima ya Harris ilipiga kura kama jimbo moja, na kura za mtaani kwake zikamezwa na za Weupe walio wengi. Alikuja kusimulia kwamba alifikiria hata kuhama Texas.

Ndipo mahakama zikaamuru majimbo yagawanywe kwa kufuata idadi ya watu. Ramani ikachorwa upya, na mwaka 1966 mwanamke yule yule akashinda kiti cha Seneti ya Texas: Mweusi wa kwanza humo tangu 1883, peke yake katikati ya wanaume Weupe 30.

Kwa hiyo usiku ule wa hotuba ya 1974 aliposema kwamba Katiba ya 1787 haikumhesabu, kwamba kwa miaka mingi alidhani Washington na Hamilton walimsahau kwa bahati mbaya, hadi marekebisho, tafsiri na hukumu za mahakama zilipomwingiza, hakuwa akipamba maneno. Hukumu ndizo zilizomfungulia mlango. Na kama Katiba ile ya karne ya 18 haiwezi kumfikia rais mwenye tuhuma zile, akasema, basi labda itupwe kwenye mashine ya kuchania karatasi ya karne ya 20.

Ila kuna 1971. Ramani ilipochorwa tena, Jordan alikuwa ndani, seneta mwenye marafiki wakubwa. Houston ikapata Jimbo la 18 la Bunge la Marekani, lililomkaa kama nguo ya kupimiwa. Kiti chake cha Seneti kikakatwakatwa hivi kwamba Mweusi asingekipata kwa urahisi. Curtis Graves, mwakilishi Mweusi mwenzake, alimshutumu kwamba amewauza watu wake. Jordan akambwaga kwenye mchujo wa 1972, akaenda Washington. Seneti ya Texas ikakaa bila Mweusi hadi 1983.

Je, angeweza kukiokoa kiti kile? Au alipima akaona kimoja cha taifa kinatosha?

Mwaka 1975 alisukuma Sheria ya Haki za Kupiga Kura ipanuliwe hadi Texas na iwalinde Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Tangu hapo hadi 2013, mtu wa Texas akitaka kusogeza mpaka wa jimbo, ilimlazimu kwanza apate kibali cha serikali kuu au cha mahakama ya Washington.